Joto la Maji ya Kunywa: Mwongozo Kamili wa Nyumbani, Kuanzia Mtungini Hadi Chupa ya Chai

Nyumbani kwetu maji ya kunywa ni siasa. Mama mkwe wangu, aliyezaliwa Pangani na kuzeekea Tanga mjini, hagusi kitu kilichotoka kwenye friji. Kwake ubaridi ndio asili ya kifua, kiuno, chango na hata uvivu. Kijana wangu wa sekondari naye hanywi mpaka aione glasi inatoka jasho. Mimi nimekaa katikati na kipimajoto cha jikoni nilichonunua kwa ajili ya keki, na kwa majuma mawili nimekitumbukiza kwenye kila kikombe kilichopita mbele yangu, hadi wameanza kuniita bwana afya.

Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wetu ni wa bure. Maji ya friji na maji ya mtungini yakishuka tumboni mwa mtu mzima mwenye afya, katika muda wa nusu saa hivi yote yamefika joto la mwili, nyuzi 37 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi). Tumbo linahangaika kidogo, kisha linasahau. Lakini kuna mahali joto la maji lina uzito wa kweli kwa afya: pale yanapokuwa moto kupita kiasi, na pale ubaridi au uvuguvugu wake unapotufanya tuamini ni safi wakati si safi. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hatua ya kwanza: pima, uache kubahatisha

Maduka yanayouza vifaa vya kuokea keki yana vipimajoto vya chakula, vile vyenye mchomo mrefu wa chuma na namba juu yake. Usitumie kile cha kupimia homa. Kinaishia nyuzi 42 hivi, na cha kioo kikipasuka ndani ya kikombe umeharibu kikombe na siku yako.

Pima kila unachokunywa kwa siku tatu, uandike. Vipimo vyangu, Dar es Salaam mwezi wa Julai, vilikuwa hivi: maji ya bomba asubuhi, 27. Maji ya simtanki jeusi lililo juu ya paa, saa tisa alasiri, 39, yaani moto kuliko damu yangu. Mtungi wa mama mkwe, 26. Chupa iliyolala chini kwenye friji, 6. Chai iliyokaa saa mbili kwenye chupa ya chai, 81. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishtua, na tutairudia.

Huhitaji kupima maisha yako yote. Siku tatu zinatosha kukuonyesha vikombe vyako viko wapi.

Hatua ya pili: chemsha kwanza, ubishane baadaye

Kabla ya kuuliza maji yawe baridi au moto, uliza kama yamechemshwa au kutiwa dawa. Kuchemsha ni kazi ya joto inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu wengi huacha sufuria itokote dakika kumi, hata ishirini, mkaa unateketea. Hakuna haja. Maji yakishatokota kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda toka chini, dakika moja inatosha. Vijidudu vingi vya kuharisha hufa hata kwenye nyuzi 70 yakikaa hapo kwa muda mfupi. Tunasubiri mtokoto kwa sababu ndiyo alama ambayo jicho linaweza kuiona bila kipimajoto.

Kwa walio milimani kuna marekebisho kidogo. Maji hutokota kwenye joto pungufu kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Pwani yanatokota kwenye 100, Nairobi karibu 94. Bado yanaua. Ila ukiwa juu ya mita 2,000, kama Limuru au Eldoret, acha yatokote dakika tatu.

Jambo moja ambalo joto haliwezi: madini. Ndugu zetu wa Arusha, Meru na bonde la ufa wenye maji yenye floridi nyingi, yale yanayopaka meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto, kuyachemsha hakuyapunguzii kitu. Mvuke unaondoka, floridi inabaki, na maji yaliyosalia yanakuwa nayo zaidi ya mwanzo. Huko kinachosaidia ni chanzo kingine cha maji, kama mvua, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kama unaotengenezwa kwenye kituo cha Ngurdoto.

Sasa nije kwenye kosa ambalo nimelikuta kila nyumba, pamoja na yangu: kuzimua. Mtu ameambiwa anywe maji ya uvuguvugu asubuhi. Anachukua bilauri, anamimina maji ya moto ya birika kidogo, kisha anazimua kwa maji ya bomba mpaka mdomo uridhike. Anajiona amekunywa maji yaliyochemshwa. Tufanye hesabu. Birika lina nyuzi 90, bomba lina 27, na yeye anataka 40. Ili afike hapo, bilauri yake itakuwa na sehemu moja ya maji ya birika na sehemu nne za maji ya bomba. Sehemu nne kati ya tano ni maji mabichi! Na joto la nyuzi 40 haliui kitu. Kwa vijidudu vingi hiyo ni hali ya hewa nzuri.

Dawa yake ni nyepesi. Usiku chemsha sufuria moja, ifunike, iache ipoe. Asubuhi chemsha kidogo tena na uzimue maji ya moto kwa yale yaliyochemshwa jana. Mama mkwe alilipokea hili kwa mstari mmoja tu: "Mwanangu, hilo sisi tulilijua, ila bomba lilipokuja ndani mkawa wavivu."

Hatua ya tatu: poza bila kuyachafua

Maji yaliyochemshwa yana adui mmoja mkubwa, nao ni mkono. Yapozee humo humo yalimochemkia, yamefunikwa, kisha yamimine moja kwa moja kwenye chombo cha kunywea. Ukiyahamisha mara tatu kwa kopo lililolala juu ya pipa, umerudi ulikotoka.

Mtungi ni chombo cha werevu sana na nitautetea. Unapoza kwa kutoa jasho: maji hupenya vitundu vya udongo, yanafika nje, yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi unafanya kazi vizuri zaidi kwenye hewa kavu. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa nyuzi 30 na ukavu wake unaoujua, mtungi unaweza kuyashusha maji hadi karibu 20. Dar es Salaam au Mombasa siku ya joto la Machi, hewa imelowa, jasho la mtungi halikauki, na utapata nyuzi mbili tatu pungufu tu ya hewa ya nje. Mtungi si mbovu, ni pwani.

Kuutumia vizuri: uweke kivulini penye upepo, usiufungie kabatini. Uegemeze kwenye mafiga madogo au mchanga uliolowa ili hata chini upate hewa. Kila baada ya majuma machache usugue kwa nje na kumbi la nazi, kwa sababu chumvi ya maji huziba vile vitundu, na mtungi ulioziba ni sufuria tu. Usiupake rangi wala vanishi kwa ajili ya mapambo. Walio Unguja na kwingineko pwani wanaofukiza mtungi kwa ubani wanajua raha ya maji hayo, nami siwaharibii, ila moshi wa ubani unatia harufu, hauui vijidudu.

Na kata? Hapo ndipo mtungi unapoangusha watu. Kata moja, mikono kumi, watoto waliotoka kucheza. Fundi mfinyanzi anaweza kukuwekea mtungi wenye tundu la bomba dogo chini. Ukiupata, mdomo wa juu unabaki umefunikwa na hakuna anayechovya. Ukiukosa, ning'iniza upawa wenye mpini mrefu ukutani, utumike kumiminia kwenye kikombe, usinywewe wala kulazwa chini.

Friji haina mengi. Chupa yenye kifuniko, iliyooshwa kila siku mbili tatu, ikae mbali na nyama mbichi. Barafu ndiyo yenye neno. Kugandisha hakuyatakasi maji. Baadhi ya vijidudu hufa, wengine hulala tu humo na kuamka barafu inapoyeyuka kwenye glasi yako ya juisi ya ukwaju. Barafu ya mabonge inayopasuliwa kwa msumari ilitengenezwa kwa ajili ya samaki. Imeburutwa sakafuni, imefunikwa kwa gunia, na maji yake hakuna aliyeyachemsha. Mwenye juisi akikuwekea, mwombe akupe isiyo na barafu. Maji ya mfukoni nayo, yale ya kung'atwa pembe, yanauzwa kwa sifa moja tu, ubaridi. Yakiwa hayana jina la kiwanda wala alama ya ubora, ubaridi huo usikufariji.

Hatua ya nne: cha moto kisubiri

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Nyumba, sawa. Koo ni habari nyingine.

Mwaka 2016 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliviweka vinywaji vya moto sana, vyenye zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Tuelewane vizuri: aliyelaumiwa ni joto. Majani ya chai hayana hatia, wala kahawa. Maji matupu ya nyuzi 75 yanaunguza ukuta wa umio sawasawa na chai ya nyuzi 75, na ukuta unaounguzwa kila asubuhi na kujiponya kila usiku, miaka thelathini, hatimaye unakosea katika kujijenga upya. Kundi hilo pia halisemi hatari ni kubwa kiasi gani kwa mtu mmoja. Linasema ushahidi una uzito wa kutosha wa kutufanya tujihadhari.

Hili linatuhusu kuliko tunavyopenda. Kuna ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, ambao saratani ya umio imezidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Sababu zake ni nyingi: tumbaku, pombe, meno mabovu, moshi wa jikoni, lishe. Chai ya moto imo kwenye orodha hiyo. Watafiti waliokwenda Kilimanjaro na vipimajoto, kazi iliyochapishwa mwaka 2015, waliwakuta watu wakianza kunywa chai yao ikiwa na nyuzi 70 hivi kwa wastani. Iran nako, jimbo la Golestan, utafiti uliotoka mwaka 2009 uliwalinganisha wenye saratani hiyo na wasio nayo. Waliokuwa wakinywa chai ndani ya dakika mbili baada ya kumiminwa walikuwa na uwezekano mkubwa, takriban mara tano, kuliko waliosubiri dakika nne au zaidi.

Dakika nne. Kwa vipimo vyangu mimi ningeongeza. Chai ya maziwa ya nyuzi 81 kwenye kikombe cha kauri, hewa ikiwa ya kawaida, ilifika 65 baada ya karibu dakika nane, na utando wa maziwa ukitanda juu inachelewa zaidi. Kwenye kikombe cha plastiki kizito chenye kifuniko sikuwa na subira ya kuendelea kupima.

Njia za kuipoza ziko nyingi na nyingine tulizidharau. Kisahani! Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akimimina chai kwenye kisahani na kuipuliza, sisi vijana tukimcheka kichinichini. Nimempima, kwa maana nimeipima njia yake: chai ikigusa kisahani baridi na kutanda, inashuka nyuzi kumi na zaidi papo hapo, na kwa nusu dakika tayari inanyweka. Njia nyingine ni kuimimina kikombe hadi kikombe kutoka juu kama wauza kahawa. Au tia maziwa baridi yaliyochemshwa jana badala ya kupikia yote. Uji nao upo kwenye hesabu hii, tena uji ni mbaya zaidi kwa sababu unanata na kushikilia joto. Futari ya Ramadhani, uji wa pilipili manga ukitoka jikoni na kiu ya siku nzima, anza na tende na maji, uji uache ukae.

Kama umezoea cha moto, usijilazimishe kushuka siku moja. Ongeza dakika mbili za kusubiri kila juma. Ulimi unazoea.

Na kama wewe au mzee wako ameanza kuona ugali unakwama, kisha anataka wali laini tu, kisha uji tu, huo ni mwendo unaojulikana wa saratani ya umio. Usiutibu kwa maji ya moto wala kwa kumeza tonge kubwa ulisukume. Nenda hospitali yenye kipimo cha kuangalia umio kwa kamera, mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo.

Hatua ya tano: joto kwa hali ya mtu

*Anayefanya kazi juani.* Dereva wa bodaboda, mkulima, fundi wa paa, mtu wetu aliyekwenda kujenga Maskati. Huyu anahitaji maji ya baridi ya wastani. Watafiti walipowapa watu waliotoka jasho maji ya joto tofauti, waliyanywa mengi zaidi yalipokuwa karibu nyuzi 15. Yakiwa ya vuguvugu hawayapendi, wanakunywa machache, wanabaki na upungufu. Ya barafu kabisa yana hila yake: kinywa kikipoa, hamu ya maji inakata kabla mwili haujarudishiwa ulichopoteza. Kwa hiyo kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 hata kama kiu imeisha, bila kupita lita moja na nusu kwa saa. Mtu akianza kuchanganyikiwa, maneno yakimpotea, usimnyweshe kwa nguvu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee, na safari ya hospitali ianze.

*Mwenye mafua.* Hapa mama mkwe ameshinda. Utafiti mdogo wa mwaka 1978, wa watu 15, ulipima mwendo wa kamasi puani: baada ya maji ya moto mwendo uliongezeka, baada ya maji baridi ulipungua. Nusu saa baadaye nafuu ya maji ya moto ilikuwa imekwisha, ingawa waliokunywa maji baridi mwendo wao ulikuwa bado chini, kwa hiyo tusilikuze. Ni nafuu ya muda, na nafuu ya muda saa nane ya usiku pua imeziba si kitu kidogo. Lakini maji baridi hayaleti mafua wala nimonia. Hayo yanaletwa na virusi na bakteria, na kijana wangu amenisihi niandike hivyo.

*Mwenye kipandauso.* Kwa baadhi ya watu maji ya barafu yakinywewa haraka huchokoza kichwa. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2001 uliwapa wanawake mililita 150 za maji ya barafu kwa mrija. Waliokuwa na kipandauso mwaka ule waliumwa kichwa mara mbili zaidi ya wengine. Ukijijua ni wewe, yaache yakae nje ya friji dakika kumi.

*Mwenye meno ya ganzi, mwenye pumu inayochokozwa na ubaridi, na mwenye umio usiolegea*, ule ugonjwa ambao mlango wa chini wa umio hukataa kufunguka: maji ya uvuguvugu. Huyu wa mwisho anaweza kupata maumivu makali ya kifua kwa maji baridi, na hasingizii. Mgonjwa wa saratani anayepewa dawa ya oxaliplatin naye ajiepushe na baridi kwa siku ambazo daktari wake atamwambia, maana koo linaweza kumbana kana kwamba hapumui.

*Mwenye hedhi.* Maji baridi hayagandishi damu ya hedhi. Yanaingia tumboni, damu inatoka kwenye mji wa mimba, na hizo ni nyumba mbili. Kinachosaidia maumivu ni joto la nje: chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ikafunikwa kitambaa, chini ya kitovu.

*Mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua.* Hapa nilibishana hadi nikachoka. Mzazi apewe maji anayoyapenda, mengi, maana ananyonyesha. Akinywa ya friji maziwa hayatoki ya baridi. Yanatoka na joto la mwili wake kama siku zote. Kukandwa kwa maji ya moto ni mila yenye upendo ndani yake, ila anayekanda apime maji kwa kiwiko chake kwanza, kwa sababu ngozi ya tumbo la mzazi imechoka na wodini wanawaona walioungua.

*Mtoto mchanga.* Chini ya miezi sita, anayenyonya hahitaji maji yoyote. Si ya moto, si ya uvuguvugu, si ya sukari, hata Dodoma, hata Machi. Maziwa ya mama yana maji yake. Anayelazimika kutumia maziwa ya unga ndiye mwenye namba ya kukariri: nyuzi 70. Unga huo haujatakaswa kabisa kiwandani, unaweza kuwa na bakteria hatari kwa kichanga, na maji ya 70 au zaidi ndiyo yanayowaua. Chemsha lita moja, iache imefunikwa isizidi nusu saa, tia unga wakati bado ni moto, tikisa, kisha ipoze chupa kwa kuishikilia chini ya maji ya bomba yasiyofika kwenye chuchu. Dondoshea kifundoni mwa mkono. Usisikie moto wala baridi. Mpe ndani ya saa mbili, kinachobaki kimwage.

*Anayeharisha.* Maji ya chumvichumvi ya pakiti, ORS, yachanganywe kwenye maji safi yaliyopoa. Usiyachemshe baada ya kuchanganya. Mtoto akiyakataa, yaweke kwenye friji kidogo. Ladha ya chumvi hupungua ukali yakiwa baridi. Baada ya saa 24, pakiti mpya.

Hatua ya sita: ufute ujumbe huo kwenye simu

Kuna ujumbe unaozunguka miaka yote kwenye makundi ya familia: ukinywa maji baridi baada ya kula, mafuta yanaganda tumboni, yanakaa kwenye mishipa, moyo unasimama. Tumbo lina nyuzi 37 na linasukasuka kama mashine ya kufulia. Maji ya friji yanapashwa humo kabla hayajagandisha chochote. Na mafuta hayatembei kutoka tumboni kwenda kwenye moyo kama mabonge. Yanavunjwavunjwa kwanza.

Ujumbe mwingine, wa upande wa pili: maji ya barafu yanachoma mafuta. Mwili ukipasha lita nzima kutoka nyuzi 4 hadi 37 unatumia kalori 33. Chapati moja ya kukaanga ina zaidi ya 200. Ukitaka kuifuta chapati hiyo kwa maji ya barafu, kunywa lita sita, kisha uanze chapati ya pili. Ya uvuguvugu na ndimu nayo hayayeyushi kitambi. Faida yake ni kwamba umekunywa maji badala ya soda.

Na chupa za plastiki nyembamba: usizijaze maji ya moto, usiziache juani kwenye gari kwa siku nyingi. Joto huongeza kile kinachovuja kutoka kwenye plastiki. Chupa iliyosahaulika garini alasiri moja haitakudhuru. Shehena inayochomwa na jua mbele ya duka mwezi mzima, mimi sinunui.

Hatua ya saba: chupa ya chai iondoke sakafuni

Ile namba 81. Maji ya nyuzi 70 humbabua mtu mzima kwa muda usiofika sekunde moja. Ya 60 yanahitaji kama sekunde tano, na kwa mtoto, ambaye ngozi yake ni nyembamba, pungufu ya hapo. Sisi ni watu wa mkekani. Chupa ya chai inakaa katikati, mtoto anatambaa, kifuniko hakikukazwa. Au sufuria ya maji ya kunywa imewekwa chini ipoe, imefunikwa na sinia, na mtoto anaona ni kiti.

Ipoze juu, kwenye meza ya ndani isiyo na kitambaa kinachoning'inia, mipini ya sufuria ikielekea ukutani. Usimbebe mtoto huku umeshika kikombe.

Akimwagikiwa: mvue nguo na vikuku haraka, isipokuwa kilichoganda kwenye ngozi. Mtie chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, kwa saa, maana ukikadiria utaishia dakika tatu. Weka maji mahali palipoungua tu, mwili uliobaki umfunike asipate baridi. Usiweke barafu, dawa ya meno, unga, yai, asali wala mafuta. Funika kidonda kwa kitambaa safi au karatasi laini ya plastiki ya kufungia chakula, usilipasue lengelenge, na kama pameungua zaidi ya kiganja chake mwenyewe, au ni usoni, mikononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, toka hapo uende naye hospitali.